Wake Wenza, Mara Tatu

Nisikilize taratibu, wewe ambaye hukuwahi kuuona mchezo wetu wa wake wenza, maana nitakueleza jinsi ulivyochezwa mara tatu na jinsi kila mara ulivyozidi kuharibika. Usijali kama hujui taarabu wala hujui Bagamoyo. Nitakwenda polepole, na ukiona nimeshika hasira mahali, nivumilie. Mchezo huu niliupenda kuliko sikukuu yenyewe tuliyokuwa tukiuchezea.

Ulikuwa mchezo wa kuimbwa mwanzo hadi mwisho, mali ya chama cha wanawake wa mtaani kwetu. Kisa chake chepesi. Mfanyabiashara ana wake wawili katika nyumba moja, Bi Mkubwa na Bi Mdogo, kila mmoja na mlango wake unaotazama uani. Mume mwenyewe haonekani. Yapo makubadhi yake tu, yale ya ngozi yenye nakshi ambayo wanaume waliyavaa na kanzu. Kila sehemu inapoanza, mtumishi wa nyumba hutoka akayaweka mbele ya mlango mmoja. Basi, umeshajua bwana kalala wapi, na umeshajua nani ataimba kwa furaha na nani atamjibu kwa nyongo. Sehemu ya mwisho makubadhi huwekwa katikati ya milango miwili, wake hao wanayatazama, na pazia linafungwa. Tulirudi nyumbani tukibishana.

Jambo la pili ni kutunza. Hili ulishike vizuri, kwa sababu ndilo lililotutia moto. Ubeti unapoimbwa ukagusa neno ulilokuwa ukitamani kumwambia mtu, unainuka na sarafu mkononi, unakwenda kwa madaha, unapita mbele ya mtu huyo, kisha unampa mwimbaji. Hujasema kitu. Lakini ua mzima umekusikia. Naye mwimbaji aliyetunzwa huurudia ubeti ule ule. Ndivyo tulivyowakuta wakubwa wakifanya, na sikuwahi kumsikia mtu akiuliza kama ni lazima.

Mara ya kwanza nilikuwa msichana mdogo, miaka ile ya mwanzo wa uhuru. Mama yangu alikuwa Bi Mkubwa. Mdogo wake wa tumbo moja, mama mdogo wangu, alikuwa Bi Mdogo. Siku za kujifunza nyimbo walikaa uani kwetu, mmoja juu ya mbuzi anakuna nazi, mwingine anachambua mchicha, wakitupiana beti.

"Dada, safari hii nitakuchoma mpaka ulie mbele za watu."

"Nilie kwa sauti gani? Hiyo yako ya kuku anayetafuta pa kutagia?"

"Kuku huyu ndiye aliyepata bwana."

"Kampata akiwa hana meno!"

Wakacheka mpaka bibi akawakemea kutoka ndani. Nakwambia haya ili ujue walivyokuwa wakipendana.

Ulichezwa alasiri ya Idd Pili, katika ua wa nyumba kubwa ya mawe, wanawake peke yao na watoto wao. Pazia lilikuwa mashuka mawili ya kitambaa cha marekani. Jukwaa lilikuwa mbao juu ya makasha. Fidla moja, udi mmoja wa nyuzi, ngoma moja ya dumbaki. Mama hakupandisha sauti hata mara moja. Aliimba chini, kama mtu anayezungumza na sufuria yake jikoni, na ua mzima ulinyamaza ili umsikie. Mama mdogo yeye sauti yake ilikuwa ya juu, kali na tamu. Zilikutana kama ndimu na chumvi. Kwa sauti hizo mbili napima kila mchezo niliouona baadaye, na hakuna uliofikia.

Ukafika ubeti wa mkeka, ambao Bi Mdogo anamwimbia mwenzake:

Mkeka umechakaa, ukindu unafumuka,
Bwana hataki kukaa, kwangu anapumzika,
Kunja bila kushangaa, wangu leo natandika.

Hapo akainuka shangazi yangu, dada yake baba, ambaye tangu siku ya ndoa hakumpenda mama. Akaja na shilingi yake juu, anayumba. Sisi tukangoja tuone atapita mbele ya nani. Hakupita mbele ya yeyote aliyeketi. Akapanda jukwaani, akapita mbele ya mama, karibu sana hata buibui lake likamgusa mama usoni. Ndipo akampa mama mdogo ile shilingi.

Uelewe uzito wake. Watu hutunza kumlenga mtazamaji mwenzao. Aliye jukwaani si yeye, ni Bi Mkubwa wa mchezo. Shangazi alimtoa mama ndani ya mchezo mbele ya mji mzima.

Na mama mdogo, aliyekwisha kutunzwa, akaurudia ubeti. Kwa sauti ileile kali na tamu.

Haukupita muda baba akaleta mke wa pili kutoka Mlingotini. Shangazi ndiye aliyeposa, na nusu ya mji ilikuwa na habari. Mama ndiye aliyekuwa hana. Alipojua, hakumgombeza baba wala hakwenda kwa shangazi. Alimwita mdogo wake.

"Ulijua."

"Wallahi dada, sikujua."

"Wifi yangu anakupa shilingi, na weye unaniimbia mara ya pili."

"Nilitunzwa! Aliyetunzwa hurudia. Nani kanifundisha kama si weye?"

"Mimi nilikufundisha kuimba. Kunikunjia mkeka wangu sikukufundisha."

Mama mdogo akalia, akaapa, akamshika miguu. Mama akainuka kwenda kupuliza moto uliokuwa unawaka vizuri. Tangu siku hiyo hawakusemezana ila salamu, na salamu yenyewe mama aliijibu akiwa ameshapita. Chama kikagawanyika. Walioamini kwamba mama mdogo alijua wakawa upande huu, walioamini kwamba hakujua wakawa upande ule, na wanawake hao wakaacha hata kuazimana kinu.

Mara ya pili nilikuwa nimeshaanza kuvaa buibui. Upande wa mama mdogo waliufufua mchezo peke yao, katika ukumbi wenye viti vya safu na gitaa la umeme lililoletwa na vijana wa Dar. Mama alikataa kwenda. Mimi nilikwenda, maana hamu ya mchezo ule ilikuwa inanila.

Nilikasirika kabla pazia halijafunguka vizuri. Walikuwa wamemleta mume! Mwanamume mzima, kavaa suruali pana ya bugaluu na miwani myeusi, anatembea baina ya milango miwili akiimba kwamba anawapenda wote sawasawa. Alipotokea tu mchezo ukafa, kwa sababu kila mtu alimtazama akajiuliza, ndiye huyu? Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, "Huyu mimi nisingemgombania hata kiti." Makubadhi tulikuwa tukimvika mtu tunayemjua, kila mmoja wa kwake. Huyu wa bugaluu hakuwa wa yeyote.

Lakini nikupe na mazuri, maana kupenda kitu si kukosa macho. Mama mdogo sasa ndiye aliyekuwa Bi Mkubwa. Aliiacha sauti yake ya juu kabisa, akaimba chini. Nilifumba macho nikamsikia mama, mpaka mahali pa kupumua. Alikuwa ameweka moyoni kila ubeti jinsi mama alivyouimba. Na ulipofika wakati wa ubeti wa mkeka, gitaa likaupita. Haukuimbwa. Waliuondoa wote.

Nilirudi nikamkuta mama anachagua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Makubadhi waliyaweka wapi?"

"Hawakuyaweka. Wamemleta mwanamume."

Mama akaacha ungo. "Mwanamume? Aseme nini?" Akacheka, na ilikuwa siku nyingi sijamsikia akicheka. Nikaona nafasi, nikasema haraka, "Mama mdogo kaimba kama wewe. Na ubeti wa mkeka wameutoa, mama. Haukuimbwa."

Kicheko kikakatika.

"Kautoa kwa sababu anajua alichofanya."

"Au kautoa asikuumize."

"Aliyeficha kisu ndiye anayejua kina damu," akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Mara ya tatu ilikuwa miaka ya sabini katikati, nimeshaolewa. Afisa mmoja wa utamaduni, kijana mpole aliyependa sana kusafisha koo kabla ya kusema, alitaka mchezo huo uonyeshwe mbele ya wageni kwenye uwanja wa shule. Alitaka uwe mfupi. Alitaka wake wenza mwishoni wapeane mikono, wachukue majembe na kwenda shambani pamoja. Alitaka pia pasiwe na kutunza, kwa sababu wageni watakaa mbele na haipendezi watu kupitapita. Nyimbo zilikuwa vichwani mwa watu wawili tu, mama na mdogo wake, basi akawafuata wote wawili.

Tulidhani mama atamfukuza. Mama akasema atacheza Bi Mkubwa, mdogo wake acheze Bi Mdogo, ila ubeti wa mkeka uimbwe. Mama mdogo, alipopelekewa neno hilo, akakubali. Aliniambia furaha yake: "Dada kanirudia."

Siku ya mchezo nilikuwa namsaidia mama kujifunga kanga ya jukwaani. Nikamwona anafunga shilingi kwenye pindo.

"Ya nini hiyo, mama? Wamekataza kutunza."

"Ya kumtunza mama yako mdogo."

"Kwa ubeti gani?"

"Sikiliza," akasema, kwa upole kabisa, kama anayenielekeza mapishi. "Alisema aliyetunzwa hurudia, hana hiari. Leo nitamtunza mimi kwa ubeti ule ule. Akirudia, basi alisema kweli, ni desturi, na mimi nitamwomba radhi mbele ya afisa wao. Akiacha, kumbe kuacha kunawezekana. Na siku ile angeweza kuacha."

"Mwambie basi, ajue unachomtazamia."

"Nikimwambia nitajuaje?"

Nilitaka kukimbia upande wa pili wa uwanja nimnong'oneze mama mdogo arudie, arudie tu. Mama akanishika mkono mpaka fidla ikaanza.

Mchezo wenyewe sina mengi ya kuusifu. Jua lilikuwa bado kali, pazia halikuwapo, na kipaza sauti kililia kama mbu. Majembe mawili yalisimamishwa nyuma, kila mtu akayaona tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna aliyejiuliza mambo yataishaje. Makubadhi yaliletwa, lakini yalikuwa ya plastiki. Sauti zao zilikuwa zimezeeka. Hata hivyo zilipokutana, zilikuwa bado ndimu na chumvi.

Mama mdogo aliimba ubeti wa mkeka akitazama chini. Alipomaliza, mama akafungua pindo, akavuka jukwaa kwa madaha, shilingi juu. Afisa akawa anapunga mkono akatazwe. Mama akampa mdogo wake ile shilingi. Mpiga dumbaki, mtu wa zamani anayejua kazi yake, akarudi mwanzo wa ubeti, akawa anazunguka hapo, anangoja.

Mama mdogo akafungua mdomo. Akamtazama dada yake usoni. Akaufunga. Akatikisa kichwa, machozi yanamtoka, akasema, "Sikuimbii tena hilo, dada. Basi."

Alinyoosha mkono amshike mama. Mama akarudi nyuma.

"Kumbe unaweza kuacha," akasema, na kile kipaza sauti cha mbu kikalichukua neno hilo mpaka kwenye miembe ya shule. Watu wa Bagamoyo wote waliokuwapo walielewa. Wageni wakapiga makofi. Ulipofika wakati wa majembe, mama mdogo alishuka na la kwake upande wa kulia kama walivyoelekezwa. Mama akabeba lake akashuka kushoto.

Siku ya pili nilikwenda kwa mama mdogo, nikamuuliza kwa nini hakurudia.

"Nilidhani ananipa njia ya kumwonyesha kwamba sitamwumiza tena. Kumbe alikuwa ananitega?"

"Na ile siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza wala sikumwona mama yako. Niliona shilingi, nikasikia dumbaki inarudi, nikaimba. Mimi nilikuwa Bi Mdogo, mwanangu. Nilikuja kumwona mama yako pazia lilipofungwa."

Mimi niliamini, na mpaka leo naamini. Nilimpelekea mama maneno hayo kama yalivyo, sikupunguza wala sikuongeza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Anajua kuimba," akasema, "sembuse kusema."

Hawakupatana. Waliishi mtaa mmoja mpaka mwisho wao, kila mmoja anapika akisikia harufu ya jiko la mwenzake. Kama una ndugu ambaye unataka kujua alikusudia au hakukusudia, nenda kwake asubuhi, piga hodi, ukae unapokaribishwa, umwambie kitu kilichokuuma, umuulize, kisha unyamaze mpaka amalize kujibu.