Kadi ya Choo na Kopo la Bluu

Barua ya semina ilifika shuleni siku ya Alhamisi, na kufikia Ijumaa asubuhi nilikuwa nimeshajiandalia sababu sita za kutokwenda. Iliomba mwalimu mmoja wa kitengo cha elimu maalumu, kwa siku tano, akajifunze kuwafundisha watoto wenye usonji. Kitengo chetu kilikuwa na walimu wawili tu. Mmoja alikuwa mama mtu mzima, mzaliwa wa Newala, aliyeanza kufundisha watoto hawa kabla mimi sijaingia darasa la kwanza. Wa pili nilikuwa mimi, mwenye shahada ya ualimu na miezi miwili ya kujitolea huku nikisubiri ajira za serikali. Mwalimu mkuu alinichagua mimi, kwa kuwa barua ilisema mshiriki awe anajua kutumia kompyuta.

Nilimfuata yule mama kumwomba radhi. Shule nzima, mwalimu mkuu akiwemo, ilimwita Mama wa Kitengo. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha chekechea, magoti yamepanda hadi kifuani, anamenya chungwa la mtoto. Nilieleza kwa kirefu kwamba haikuwa haki, kwamba naweza kumwandikia mwalimu mkuu, kwamba nilikuwa nimeshaanza kuiandika barua hiyo. Aliendelea kumenya.

"Nenda mwanangu," alisema. "Mimi ukinikalisha kwenye kiti siku tano miguu inavimba kama mihogo. Ila ukirudi uniambie walichosema, usinisomee."

Hata hivyo, kilichonifanya nikubali ni mtoto mmoja wa darasa letu. Alikuwa msichana wa miaka saba, asiyesema, mwenye nywele zilizosukwa mistari na harufu ya mafuta ya nazi kila asubuhi. Alipenda vizibo vya soda. Alivipanga dirishani kwa rangi, na ukikisogeza kimoja alikirudisha bila kukutazama, kama mtu anayesamehe. Shule yetu iko karibu na sokoni, kwa hiyo nje ya ukuta kulikuwa na spika za wauza nguo zinazotangaza bei tangu saa mbili asubuhi. Zilipoanza, alijifunika masikio na kuja kuegemeza paji la uso wake mgongoni kwangu. Mara ya kwanza nilisimama bila kutikisika kipindi kizima, nikiogopa kuharibu.

Tatizo lake lilikuwa choo. Hakuweza kuomba ruhusa, akawa anajikojolea, siku nyingine mara mbili. Sisi wawili hatukuona ajabu. Tulikuwa na ndoo na sketi za akiba. Lakini darasa la jirani lililalamika, wazazi wakasikia, na mwalimu mkuu, ambaye si mtu mbaya ila anachoshwa haraka na malalamiko, akatoa kauli. Tukifunga likizo fupi bila mabadiliko, mama yake amkalishe nyumbani kwanza mpaka atakapokuwa tayari.

Kazi ya kumpelekea mama yake ujumbe huo niliifanya mimi. Anauza mitandio Mtaa wa Kongo, ameitandaza juu ya turubai, na alinisikiliza huku akikunja.

"Mwalimu, nyumbani hakuna mtu," alisema. "Nikimrudisha nitamfungia ndani kama mwaka jana. Nilikuwa nafunga mlango, naenda kuuza. Nikirudi nakuta mikono imevimba kwa kugonga."

Alisema hivyo macho makavu. Aliyelia ni mimi. Akanipa mtandio nijifute, nikajifuta, kisha njia nzima hadi Buguruni ninakopanga nilijiuliza kama ule mtandio ulikuwa wa kuuza na kama nilipaswa kuununua.

Semina ilikuwa kwenye ukumbi wa ghorofa ya tatu, si mbali na Msimbazi. Nilikaa karibu na mlango ili nikizidiwa nitoke. Sikutoka. Mwezeshaji alikuwa baba mwembamba mwenye sauti ya chini kiasi kwamba hata wale walimu wa nyuma waliozoea kunong'ona walinyamaza wenyewe. Alitufundisha mambo ambayo nilidhani nimeyasoma chuoni, kumbe nilikuwa nimeyakariri tu. Alituonyesha kwamba mtoto anayepiga kelele wakati wa kubadilisha somo huenda hajui kinachofuata, na mtu asiyejua kinachofuata huogopa. Hapo niliacha kuandika. Mimi mwenyewe huwa nauliza mara tatu tukimaliza hapa tunaenda wapi. Nilitamani kumwambia, nikatunga sentensi kichwani mpaka chai ikaisha.

Siku ya tatu alitufundisha ratiba ya picha. Unatengeneza kadi ndogo, kila moja ina picha ya jambo moja la siku: kuandika, kunywa uji, kucheza, kwenda chooni. Unazipanga ukutani kwa mfuatano. Mtoto anaona kilichopo na kinachokuja, na asiyesema anaweza kubandua kadi akakupa, ikawa ndiyo kauli yake. Nilimfikiria msichana wetu akinipa kadi, nikasisimka hadi sambusa ikaniangukia kwenye daftari. Daftari hilo ninalo bado. Juu ya doa la mafuta nimeandika maneno ya mwezeshaji, nimeyapigia mstari mara mbili: picha zitoke kwenye maisha ya mtoto.

Niliandika hivyo kwa mkono wangu. Kisha Jumamosi nikaketi na simu, nikatafuta picha mtandaoni, nikachagua zile zilizokuwa safi kuliko zote. Nilizipeleka kwenye duka la vifaa vya ofisi Kariakoo zichapwe kwa rangi na kupigwa laminesheni. Kijana wa mashine alizipitia moja moja. Alipofika kwenye ya choo aliinyanyua juu, kwenye mwanga. Ilikuwa na choo cheupe cha kukaa, mfuniko umesimama, kizulia cha manyoya mbele yake na ua kwenye chupa pembeni.

"Dada, unafungua hoteli?" aliniuliza.

Nilicheka kwa adabu. Nilichofikiria wakati huo ni kama pembe za kadi zilikuwa zimekatwa sawasawa.

Kwetu, aliyekwenda semina lazima atoe mrejesho mbele ya walimu wote. Niliutoa Jumatatu, dakika arobaini, nikisoma. Mwalimu wa hesabu alisinzia waziwazi, na wa michezo akauliza kama na yeye anaweza kupata kadi ya kumwonyesha mkewe. Wote walicheka, nami nikacheka nikiwa nimechelewa kidogo. Mama wa Kitengo alikuwa ameniambia nisisome. Aliniangalia tu, akanisogezea chupa ya maji.

Kadi zilimpendeza mtoto wetu kupita nilivyotarajia. Alizigusa pembe zake, akazinusa, akazitazama kwa mwanga kama yule kijana wa dukani. Kufikia siku ya pili alikuwa akibandua kadi ya uji na kunipa dakika kumi kabla ya wakati, na nilikuwa nampa uji wake hapohapo, maana kauli ni kauli. Kadi ya kucheza aliielewa. Ya kuandika aliielewa pia, ila aliificha nyuma ya kabati.

Siku ya tatu alibandua kadi ya choo. Nilikuwa nafunga kiatu cha mtoto mwingine. Nilimwona akitoka nayo mlangoni, nikataka kupiga kelele za furaha, nikajizuia, kwa sababu mwezeshaji alisema tusiwashtue. Baada ya muda alirudi. Alisimama mbele yangu, kadi imebanwa kwa mikono miwili, na sketi yake ilikuwa imelowa hadi kwenye soksi.

Nilimwosha na kumbadilisha. Nikakaa sakafuni na kuanza kuorodhesha kichwani makosa yangu. Labda nilichelewa kumsifu. Labda kadi ilikuwa juu mno ukutani. Labda semina wangempeleka mtu anayestahili. Zilikuwa zimebaki siku sita tufunge, na mbele ya macho yangu niliona mlango uliofungwa kwa nje.

Mama wa Kitengo aliingia na ndoo, akaketi kwenye kile kiti chake kidogo.

"Alikwenda," aliniambia. "Nilikuwa pale bombani, nimemwona. Kafungua milango yote minne. Anafungua, anachungulia, anaangalia kadi. Anafunga. Anakwenda wa pili. Alipomaliza wa nne akarudia wa kwanza. Nikadhani anacheza, mwanangu. Kumbe anatafuta."

Niliichukua ile kadi. Vyoo vyetu ni vya kuchuchumaa, sakafu ya saruji, mlango wa bati. Mtoto alikuwa ametembea uwanja mzima na picha ya kitu ambacho hakikuwepo, akakitafuta kwa uaminifu mpaka mwili ukamshinda.

Nililia tena, mwaka ule nililia sana. Mama wa Kitengo aliniacha kidogo, kisha akauliza kwao mtoto huyu anakwendaje chooni. Nikafungua mdomo nijibu, nikakuta sijui. Nilikuwa nimejaza fomu mbili kumhusu na sikuwahi kumuuliza mama yake swali hilo.

Jioni hiyo tulikwenda wote wawili Mtaa wa Kongo. Mama wa Kitengo alitembea katikati ya barabara kana kwamba pikipiki ndizo zimkwepe yeye, nami nikamfuata nikiwaomba radhi watu. Mama wa mtoto alituamkia, akatuwekea ndoo mbili tukalie. Alipolisikia swali alishangaa.

"Kopo," alisema. "Si anachukua kopo? Tuna choo kimoja wapangaji wote, kopo linakaa mlangoni kwetu. Akibanwa analishika ananiletea, nalijaza maji, anakwenda. Nilijua hapo shuleni makopo yako hukohuko ndani."

Yalikuwa hukohuko ndani. Kopo halikuwemo kwenye kadi zangu, wala kwenye orodha zangu za hofu. Mama wa Kitengo alicheka mpaka akashika mbavu, mama wa mtoto akamfuata, na mwisho na mimi, nikiwa juu ya ndoo, katikati ya mitandio.

Kesho yake tuliziondoa kadi. Mahali pake tulifunga kamba ukutani, chini, usawa wa mkono wa mtoto, tukatundika vitu vyenyewe. Kikombe cha plastiki cha uji. Chaki iliyofungwa kwenye uzi. Mpira wa makaratasi. Mwishoni, kopo la bluu lenye mpini uliopasuka, ambalo Mama wa Kitengo alilisugua kwa mchanga mpaka likang'aa. Nilitaka kuuliza kama njia hiyo inakubalika kitaalamu. Nilimwandikia mwezeshaji ujumbe, nikaufuta, nikaandika upya, mwishowe nikautuma na makosa yake. Alijibu kwa neno moja: hongereni.

Mtoto alilitazama kopo siku nzima bila kuligusa. Siku iliyofuata alilitungua, akaja nalo hadi kwangu, akanipa. Nilikimbilia bombani kulijaza, nikamwaga nusu ya maji njiani. Alikwenda, akarudi mkavu, akalitundika kopo mahali pake na kuunyoosha mpini wake ulingane na mpini wa kikombe.  Mama wa Kitengo alinigongea begani na kiganja chenye maji.

Lakini mwalimu mkuu hakuwa ameona, na mimi niliogopa kumwambia nisije nikajivuna mapema. Tulifika siku ya kufunga bila kumwambia.

Asubuhi ya siku hiyo shule nzima ilikuwa mstarini uwanjani, na mwalimu mkuu alikuwa anazungumzia unadhifu wakati wa likizo. Darasa letu husimama mwisho, karibu na mlango wetu. Sikuona mtoto wetu alipotoka kwenye mstari. Nilimwona tu akipita mbele ya darasa la saba, taratibu, kopo la bluu mkononi. Watoto wakaanza kucheka. Nilinyanyua mguu nimkimbilie, Mama wa Kitengo akanishika sketi.

"Muache," alisema.

Siku zote mwalimu mkuu husimama kando ya bomba. Nadhani bomba ndilo lililompeleka mtoto pale, wala si cheo cha mtu. Alisimama mbele yake, akamnyooshea kopo. Mwalimu mkuu akalipokea kama mtu anavyopokea chochote anachopewa ghafla, na kwa muda alibaki na karatasi ya hotuba mkono mmoja, kopo mkono wa pili. Alituangalia. Mama wa Kitengo alimwonyesha kwa kidevu, kwanza bomba, kisha vyoo.

Kicheko kilikuwa kimeisha. Mwalimu mkuu aliweka karatasi kwapani, akainama, akafungua bomba. Alilijaza kopo hadi juu, akampa kwa mikono miwili. Mtoto alivuka uwanja, akafungua mlango wa kwanza, akaingia, akafunga. Watoto mia kadhaa walisubiri. Sijawahi kusikia shule ile kimya vile. Hata spika za nje nilizisikia neno kwa neno, zikitangaza bei ya viatu jozi mbili. Alipotoka, sketi kavu, hakumtazama mtu. Alikwenda darasani kulitundika kopo.

Mwalimu mkuu alirudi kwenye hotuba yake, akashindwa kujua aliishia wapi, akatufungia shule. Alipopita karibu yetu alisimama.

"Mwambieni mama yake shule inafunguliwa Jumatatu ya wiki ijayo," alisema. "Asimcheleweshe."

Nilikwenda mwenyewe Mtaa wa Kongo, mtoto mkononi. Nilikuwa nimepanga namna ya kuanza, na namna nyingine kama ya kwanza ingekwama. Mama yake aliniona kwa mbali, akaacha kukunja.

"Amekubali?" aliniuliza.

Nilisahau namna zote mbili, nikamwambia tu shule inafunguliwa Jumatatu ya wiki ijayo, asimcheleweshe. Akamvuta mtoto kwake, akamkalisha juu ya turubai kati ya mitandio, mtoto akaanza kuipanga kwa rangi. Yeye akageuka, akafuta macho kwa ncha ya mtandio uliokuwa wa kuuza, akaukunja tena na kuurudisha kwenye fungu.