Miti Minane Ambayo Sikuihesabu

Nakumbuka siku ile ya vita, mwanangu, niliyohesabu miti miwili nikasema kumi. Nimezeeka sasa, na aibu yake bado ninayo.

Chakula kilikuwa cha shida Bujumbura. Wanawake wa mtaa wetu walipanda vilima vya juu ya Kinanira kuokota viwavi wa kula. Wanajeshi waliruhusu mpaka saa sita mchana tu. Ukikutwa huko baadaye, shauri lako. Kwa hiyo mmoja wetu alitangulia kukadiria. Unatandika kitenge chini ya mti, unangoja kidogo, kisha unahesabu mavi ya viwavi yaliyodondoka. Ndiyo, mavi, usicheke! Miti kumi, ya chini na ya juu, ndipo unajua kama safari inafaa. Shangazi yangu Mama Zaina, kiongozi wetu, alinipa kazi hiyo.

Kwenye miti miwili ya kando ya njia, kitenge kilijaa. Ghafla, pa! pa! ng'ambo ya bonde. Nikakunja kitenge, nikatimua mbio. Nyumbani nikaona haya kusema niliogopa. "Miti yote kumi imejaa," nikasema.

Kesho yake tukapanda wanawake saba na ndoo zetu. Ile miwili ilijaa kweli. Mingine, hakuna kitu, majani mazima kabisa. Mama Zaina aliniamini, akasema tusonge, viwavi wako juu. Nilijua, mwanangu, na nikanyamaza! Saa sita ikapita. Risasi zilipoanza tulijitupa korongoni, na shangazi akabaki ameshika goti, damu inamtoka. Tulimbeba kwa kitenge kile kile.

Hospitalini nilipiga magoti nikamwambia yote.

"We mutoto," akasema, "kuogopa si kosa. Hata mi naogopa kila siku. Ungeniambia tu: nimehesabu mbili, nikakimbia. Apana kunificha."

Alitembea na fimbo mpaka alipokufa. Na msimu uliofuata, wee! akanituma tena mimi. Nilirudi nikasema, "Shangazi, minne tu. Ya juu sikufika."

"Asante," akasema. "Basi tutaishia kwa hiyo mine."

Basi mwanangu, ukitumwa, sema ulipoishia. Usijazie kwa mdomo pale ambapo miguu yako haikufika, maana kuna mtu atapita hapo kwa kukuamini wewe. Mungu akutangulie kila uendako, na siku ukiogopa, akupe nguvu ya kusema: sikufika.