Zumaridi Iliyokausha Chemchemi

Nilikwenda Handeni nikiwa na hasira, na nasema mapema kwamba nimerudi nayo. Simu ya Mwanaidi, mke wa mdogo wangu Mbwana, ndiyo iliyonitoa nyumbani Mombo.

"Shemeji, Mbwana anakata miti ya chemchemi," alisema. "Anadai wewe ndiye uliyemwonyesha penye zumaridi."

Sikuelewa, kisha nikaelewa. Kazi yangu ni kuwatembeza wageni wanaokuja kutazama ndege katika misitu ya Usambara. Mwaka jana nilipomtembelea Mbwana, tulimwona kwenye miti ile ndege wa kijani kinachong'aa, tumbo la njano. Nikajitia mjuzi: "Huyu vitabuni anaitwa kwa jina la zumaridi." Sikuongeza kwamba ni kwa ajili ya rangi yake tu.

Alfajiri iliyofuata nilipanda basi la kwanza. Tulipita mashambani, mkonge pande zote mbili, na mimi sikuona kitu ila miti ya mdogo wangu ikianguka. Korogwe nilibadili gari. Baada ya daraja la mto Pangani barabara inaingia nchi kavu, na abiria aliyekaa kando yangu, mama wa Sindeni, aliponisikia naenda wapi akacheka.

"Na wewe unafuata zumaridi? Wenzako wamejaa huko."

"Naifuata niizike," nikamjibu.

Saa tano na nusu nilishuka, nikaenda moja kwa moja chemchemini kabla ya kufika nyumbani. Ule msitu mdogo wa kivuli haukuwepo. Visiki vilikuwa bado vibichi. Palipokuwa na jicho la maji palikuwa na shimo refu kunizidi, na chini yake tope. Mzee wa Kimaasai alikuwa amesimama na ng'ombe wake waliokuwa wakilamba udongo uliolowa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa serikali?"

"Hapana. Mimi ni kaka yake Mbwana."

Akanionyesha lile tope kwa fimbo. "Basi mwambie ng'ombe hawali mawe."

Mbwana nilimkuta uani, mikono imechubuka, macho yanawaka furaha. Kando yake, kwenye kiti changu cha siku zote, alikaa mgeni mwenye shati safi aliyejiita Mtaalamu. Alikuwa anamalizia supu ya mbuzi. Kila kaya iliyotaka jina lake liandikwe kati ya wenye hisa za shimo ilimletea mbuzi, na alikuwa na wiki tatu pale akila.

"Kaka, umekuja wakati mzuri!" Mbwana akaniwekea kiganjani vijiwe vinne vya kijani. "Tumevitoa palepale alipokuwa akilia yule ndege wako. Mtaalamu anasema ndege huyo hakai penginepo ila juu ya zumaridi. Ndiyo maana wakampa jina."

Nikafoka. "Ndege huyo yuko Lushoto, yuko Amani, yuko kila penye miti minene. Anakula viwavi, Mbwana!"

Mwanaidi alikuwa ameinama jikoni, anachemsha ukindu wa mikeka. Alikuja polepole, akachukua kijiwe kimoja, akakigeuza juani. Ndani kulikuwa na nyufa nyembamba, na kijani kilikuwa kwenye nyufa tu.

"Nani alivitoa shimoni?" akauliza.

"Mtaalamu," alisema Mbwana. "Mimi nilikuwa nachimba, yeye anachambua."

Mwanaidi akavichukua na vile vitatu vilivyobaki. Alitumbukiza vijiwe vyote kwenye sufuria nyingine ya maji safi ya moto, akatia sabuni, akakoroga. Tulisubiri. Maji yakaanza kugeuka, kwanza kama majani ya chai mabichi, halafu kijani kabisa. Alipoviopoa, vilikuwa vimepauka kama chumvi ya mawe.

"Hii ni rangi yangu ya ukindu," alisema. "Pakiti iliandikwa zumaridi. Huyu Mtaalamu aliniomba nusu, akasema anapaka fremu ya picha. Nami nikampa!"

Nilimkamata yule mtu shati. Hakuogopa. Aliniambia taratibu, "Bwana, rangi ya mke wa mdogo wako inaitwa zumaridi, na si jiwe. Ndege wako anaitwa zumaridi, na si jiwe. Mimi nimeliita jiwe zumaridi, na angalau ni jiwe. Kwa nini mwongo niwe mimi peke yangu?"

Nilimpiga. Kofi moja, na silijutii. Majirani waliokuwa wamempa mbuzi walikuja mbio kwa kelele zile, wakamzunguka, tukampeleka ofisi ya kijiji. Niliporudi, Mbwana alikuwa amekaa chini, shoka mapajani.

"Ungenimalizia maneno yako siku ile," aliniambia. "Ulitaka tu nikuone msomi."

Nilitaka kumfokea kwamba mimi sikumtuma kukata mti hata mmoja. Badala yake nikachukua jembe.

Siku mbili nilibaki. Tulifukia shimo, sisi wawili. Maji hayakurudi. Mwanaidi sasa anatoka na ndoo kabla jua halijachomoza na kurejea watoto wakiwa wameshakwenda shule, na mikeka inamngoja bila kusukwa.

Siku ya tatu nilitoka kwenda kupanda gari la kurudi Korogwe. Mbwana alinisindikiza hadi barabarani kwa sababu ya adabu tu. Nilijaribu kumwomba radhi, akanyanyua mkono kunizuia.

"Kaka, radhi yako nimeisikia," alisema. "Lakini kamwambie Mwanaidi, yeye ndiye anayebeba ndoo."

Gari lilikuwa limeshasimama. Nililiacha likaenda, nikageuka, nikaanza kutembea kurudi kijijini.