Nyumba ya Chama Ilivyopanda Kilima

Nilimwona Edelmira Llancapani akiongoza kwa mara ya kwanza siku ya msaragambo wa kuhamisha nyumba ya chama chetu cha wakulima, kisiwani Chiloé. Bahari ilikuwa imemega ukingo mpaka baraza ikaanza kuning'inia. Tusingeifikisha juu ya kilima siku hiyo, tungeipoteza. Yeye alikuwa mwenyekiti mpya, mwanamke mfupi mwenye mabuti ya mpira.

Nyumba nzima, ya mbao tupu, ilikuwa juu ya magogo, ikivutwa na jozi nane za maksai. Katikati ya kilima ikakwama. Kila mtu akawa mkubwa.

"Vuta!"

"Bado, we! Ng'ombe wako wamelala kama wewe kanisani!"

Mzee Barría, mwenye sauti kama baragumu, akasema, "Mwenyekiti, niachie mimi niwaamrishe."

"Hapana, mzee wangu. Hapa hakuna anayelipwa. Ukiwafokea watarudi kwao." Akaninyooshea kidole. "Yule kaka asiyesema ndiye atakayetoa amri."

Watu wakacheka. "Nolberto? Nani atamsikia?"

"Ndiyo maana. Mtanyamaza ili mumsikie."

Wakanyamaza. Nikasema, "Sasa." Maksai wote wakavuta kwa pamoja. "Sasa." Nyumba ikapanda hadi juu, na hakuna hata kioo kilichovunjika. Tulikula nyama na viazi, tukaimba mpaka sauti zikakauka.

Edelmira alituongoza miaka mingi. Siku alipohamia Ancud kwa mwanawe, nilikuwa nimeshachaguliwa kushika nafasi yake. Akanipa mkono, akasema, "Kaka Nolberto, usije ukajifunza kupiga kelele."