Kipa Tuliyempa Cheo

Msimu ule tulipoteza mechi saba mfululizo, na kadiri tulivyofungwa ndivyo vikao vyetu vilivyozidi kuwa virefu. Tulikutana kila Jumapili saa tisa alasiri katika duka la kinyozi mmoja Kilburn, London, siku ambayo hakuwa na wateja. Mechi zenyewe zilichezwa asubuhi, kwenye kiwanja cha kaunsili upande wa Kingsbury. Nyavu tulizifunga wenyewe, na kinyesi cha mbwa tulikizoa wenyewe kabla refa hajafika.

Timu ilianzishwa katikati ya miaka ya tisini na watu waliotoka Unguja, Tanzania Bara, Kenya na mashariki ya Kongo. Haikuanzishwa kwa ajili ya kombe. Wiki nzima tulizungumza Kiingereza cha kazini, kile cha kuomba radhi na kukubali kila unachoambiwa. Jumapili tulitaka dakika tisini za kupigiana kelele kwa Kiswahili. Miaka ya mwanzo hilo lilitosha. Tulikuwa daraja la mwisho kabisa, hapakuwa na pa kushuka, tukafungwa huku tunacheka. Kisha tukabahatika kupanda daraja moja, na bahati hiyo ndiyo iliyotuharibu, kwa sababu sasa tulikuwa na kitu cha kupoteza.

Mimi nilikuwa katibu. Niliandaa orodha ya wachezaji, nilijaza fomu za refa, niliandika kumbukumbu za vikao, na kila Jumatatu niliandika ripoti ya mechi ya ukurasa mmoja ambayo ilibandikwa pembeni mwa kioo cha kinyozi. Watu walikuja kunyoa wakaisoma. Wengine, nilikuja kugundua, walikuja kuisoma tu.

Vikaoni kila mtu alikuwa na kikosi chake. Wapo waliokuja nacho kimeandikwa nyuma ya risiti ya duka. Waliokuwa na uhakika zaidi ni wale ambao hawajawahi kuugusa mpira.

"Huyu beki tatu wenu," alisema nesi mmoja Mkenya, shabiki wetu mkubwa ambaye alikosa mechi pale tu shifti ilipombana, "akigeuka ni kama trela inatafuta pa kupaki. Winga ameshapita, amefunga, ameshangilia, yeye bado anageuka."

"Dada, mwenzetu ana goti," alisema mwenyekiti. Alikuwa Mzanzibari, dereva wa teksi, na katika miaka yote niliyomfahamu sikumsikia akipaza sauti.

"Goti si alikuja nalo? Mlimsajili yeye pamoja na goti lake."

"Tumtoe," mtu akadakia kutoka kiti cha kunyolea. "Kiungo arudi nyuma acheze beki."

"Kiungo gani? Yule anayekimbia kama anasindikiza maiti?"

"Jamani, jamani," alisema mwenyekiti. "Timu haijengwi kwa kejeli."

"Wala haijengwi kwa huruma, mwenyekiti," nesi akamjibu. "Tungekuwa tunapewa pointi kwa huruma, saa hii tungekuwa tunaongoza ligi."

Tulicheka, nami nikaandika: *Kikao kilijadili safu ya ulinzi.*

Mazungumzo yalizunguka hivyo wiki tatu au nne kabla mtu hajathubutu kumgusa kipa. Ilikuwa rahisi kumgusa, kwa sababu hakuwepo. Jumapili alasiri alikuwa akisafisha ofisi mjini, kwa hiyo alifika kiwanjani asubuhi, akadaka, akaondoka na basi huku sisi tukienda kumjadili.

Alikuwa mtu wa Bukavu, amekaribia miaka arobaini, mmoja wa wale walioianzisha timu. Alikuwa amekaa miaka minane akisubiri karatasi zake za ukaazi, na katika miaka hiyo yote golini ndipo mahali pekee nilipomwona akitoa amri. "Panda! Panda! Mwache, huyo wangu!" Sauti yake ilifika barabarani. Mabeki walimtii hata walipojua amekosea. Sasa magoti yalikuwa yamechoka, na mipira ya juu ilimpita.

Ni mimi niliyemgusa kwanza, si kikaoni bali kwenye ripoti. Tulikuwa tumefungwa bao la mbali, la kizembe, nami nikaandika kwamba kipa wetu aliusindikiza mpira kwa macho kama mtu anayelitazama basi lisilo lake likipita. Niliipenda sentensi ile. Niliiandika upya mara mbili hadi ikakaa sawa. Jumapili iliyofuata watu wanne walinirudishia neno kwa neno, wakicheka, na mwenyewe, akiwa anavaa glovu, aliniambia bila kinyongo, "Katibu, unajua kuandika." Kuanzia siku hiyo jina lake likaingia kwenye mjadala, kama vile sentensi yangu ilikuwa ruhusa.

Mwenyekiti ndiye aliyeleta habari za Mpolandi. Ilikuwa miaka ile Wapolandi walipoanza kuonekana London kwa wingi, na mmoja wao, fundi ujenzi, alikuwa amepanda teksi yake hadi Wembley. Njiani walizungumza mpira. Kijana alikuwa amedakia timu ya mji wao, alikuwa mrefu, na alitafuta timu ya Jumapili.

"Atawaongoza mabeki kwa lugha gani?" niliuliza.

"Mpira una lugha moja, sheikh."

"Basi na sisi tungekuwa tunacheza na Waingereza tangu mwanzo," alisema nesi. "Tulikusanyika hapa kwa nini?"

Kinyozi alikuwa anafagia chini ya viti vyetu. Kisha wa kwenye kiti akasema, "Mimi nimechoka kufungwa," na chumba kizima kikaguna kwamba ni kweli, na suala likawa limekwisha. Lililobaki lilikuwa namna ya kumwambia mwenyewe.

"Mwambieni," alisema nesi. "Mwiteni, mkalisheni chini, mwambieni. Mimi huwaambia watu mambo mabaya kuliko hayo kila siku kazini."

"Mtu mzima haambiwi, dada," alisema mwenyekiti kwa upole. "Mtu mzima anaonyeshwa, anaelewa. Tumpe cheo. Tumfanye mlezi wa timu."

Kila mmoja wetu aliielewa njia hiyo. Tumekulia katika vyama, misikiti, makanisa na vilabu ambako mzee akichoka anavishwa shada, anapewa kiti cha mbele, anasifiwa hadi machozi yamtoke, na kesho yake ufunguo uko mikononi mwa mwingine. Ni njia ya heshima, na kwa kawaida hufanya kazi, maana anayevishwa naye amewahi kuwavisha wengine. Hatukujiuliza kama huyu wetu aliwahi. Miaka minane alikuwa mtu wa kusubiri apewe chochote, na alipopewa, hakukigeuza kutazama upande wa pili.

Nilipewa kazi ya kuandika hati ya heshima. Niliipeleka itiwe fremu Kingsbury, kwenye duka la Mhindi mmoja mzee aliyezaliwa Kisumu na aliyefurahi kupata mtu wa kuzungumza naye Kiswahili. Aliisoma hati yote, polepole.

"Mtu mkubwa huyu," alisema. "Amestaafu?"

"Ndiyo," nikasema. "Amestaafu."

Yule mzee ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia, na hakumjua wala hakuwa na haja ya kujua.

Sherehe tuliifanya palepale kwa kinyozi, Jumamosi moja mchana. Palikuwa na pilau, na koti la bluu lenye nembo ya timu kifuani. Mwenyekiti alizungumza nusu saa. Alisema timu ni nyumba na kipa ndiye mlango, na kwamba kuanzia leo mlango huu unakuwa paa. Tulipiga makofi. Mimi nilisoma hati, na nilikuwa na hisia za kweli, jambo ambalo hadi leo linanitia aibu. Katika hotuba tano hakuna iliyokuwa na neno "kuacha", wala "mwisho", wala "mwingine". Nesi hakuja. Alituma ujumbe kwamba yuko kazini. Nilikuwa na ratiba yake kichwani, na hakuwa kazini.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, kipa alifika kiwanjani. Alikuwa amevaa koti la bluu, na chini yake jezi yake namba moja. Glovu zilikuwa mkononi.

Mpolandi alikuwa tayari golini, anapasha misuli. Mwenyekiti aliinama kufunga wavu uliokuwa umeshafungwa. "Katibu atakueleza," alisema bila kuinuka.

Nilikuwa na orodha mkononi. Nilisema, "Leo pumzika, ndugu yangu. Tumjaribu huyu kijana."

"Leo tu?"

"Leo tumwone."

"Hapana tatizo," alisema kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Mlezi anapashwa apatie bengine nafasi." Kisha akaniambia kwamba jana alipotoka kwenye sherehe alimpigia simu mama yake Bukavu, akamsomea hati yote. Mama alikuwa ameita majirani wasikie.

Jumapili ya pili nilimwambia *leo*. Na ya tatu. Na ya nne. Kila mara alikuja na jezi chini ya koti, na kila mara aliposikia neno hilo aliitikia kwa kichwa kama mtu anayekubaliana na mpango mzuri, akaenda kusimama nyuma ya goli. Tulikuwa tumeanza kushinda. Mpolandi alidaka vizuri, na hakuwa na kosa lolote katika habari hii. Alidhani yule mtu wa koti la bluu ni kocha wa makipa.

Shida ilianza alipoanza kupiga kelele. Kutoka nyuma ya wavu aliwaamrisha mabeki, "Panda! Panda!", na mabeki, kwa mazoea ya miaka kumi, walipanda, huku Mpolandi akiwapigia kelele za Kiingereza wabaki. Jumapili ya tano walipanda nusu yao, nusu wakabaki, na mshambuliaji wa upande wa pili akapita katikati kama anaingia kwake. Bao. Mpolandi aligeuka akaniuliza, si kwa ukali, yule ni nani na yuko kwenye timu au hayuko.

Mwenyekiti alinitazama. Nami nikaenda nyuma ya goli.

Nilimkuta amevaa glovu. Nilimwambia, kwa Kiingereza, kwamba hayumo kwenye timu, kwamba hajawahi kuwemo tangu siku ya sherehe, na kwamba asimame mbali na goli tafadhali. Ilichukua muda wa kupumua mara mbili. Nimejiuliza sana kwa nini nilitumia Kiingereza kumwambia mtu ambaye sikuwahi kuzungumza naye kwa lugha hiyo hata siku moja. Jibu nalijua. Kwa Kiswahili ningelazimika kuanza na salamu, kumuuliza habari za mama, kumwita ndugu, na baada ya hapo nisingeweza.

Alivua glovu, moja, kisha nyingine. Wachezaji wawili waliokuwa karibu walikuwa wamesikia. "Sawa, Katibu," alisema, kwa Kiswahili. Nilimwona akivuka uwanja wa pili, akawapisha watoto waliokuwa wanacheza, akaenda kusimama kituo cha basi na lile koti.

Hatukushuka daraja msimu ule. Tulinusurika kwenye mechi ya mwisho. Kikao kilichofuata kilikuwa kifupi, kwa sababu ukishinda hakuna cha kujadili, na wachezaji wapya wawili ambao Mpolandi aliwaleta walihudhuria, kwa hiyo tukazungumza Kiingereza. Nesi alisikiliza dakika kumi, akachukua mkoba wake. "Hongereni," alisema. Hakurudi.

Wiki chache baadaye mwenyekiti alisema haifai, mtu yule ni wetu, lazima twende kwake. Tulikwenda Jumapili asubuhi kabla ya mechi ya kirafiki, na mfuko wa machungwa. Alikuwa anaishi Kilburn, chumba na sebule juu ya duka la mazulia. Alitukaribisha, akatutolea viti, akachemsha chai. Mtoto wake wa kike alitusalimia kwa Kiingereza akarudi kwenye televisheni.

Mwenyekiti alianza kuzungumza. Alizungumza juu ya udugu, juu ya ugeni wa nchi za watu, juu ya jinsi shetani anavyoingia kati ya wanaopendana. Alisema binadamu hukosana, hata vikombe kabatini hugongana. Nilikuwa nasubiri lile neno lifike, nikaona linakaribia, nikaona analizunguka na kupita. Nilifungua kinywa nimsaidie, nikasema chai ni nzuri.

Mwenyeji wetu alisikiliza yote, mikono juu ya magoti. Mwenyekiti alipomaliza, alituuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mumekuja kuniomba musamaha, ao mumekuja kuniona?"

Mwenyekiti akanitazama mimi. Nami nikalitazama zulia.

"Tumekuja kukuona, ndugu yetu," alisema mwenyekiti.

"Basi," alisema, akainuka kuchukua vikombe, "mumeniona."