Mti wa Mheshimiwa Kule Bahati

Niliondoka Nakuru kwa sababu ya mbuzi. Ninyi mliobaki nyumbani mtacheka, lakini sikilizeni kwanza. Shangazi yangu Rebeka ni skwota, anaishi na kufanya kazi kwa kibali tu, katika shamba la mzungu mmoja kule juu ya Bahati. Alinitumia salamu kwamba Jumapili mbuzi wake watatolewa shambani, na maziwa ya mbuzi hao ndiyo yanayomlea mjukuu wake aliyefiwa na mama. "Njoo wewe uliyesoma," alisema, "useme na Bwana." Mimi nimehitimu shule ya usiku, nikishika maneno hata mfalme hukaa chini. Nikaenda.

Bwana mwenyewe si mtu mdogo. Ni Mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, na magazeti humwita Mlinzi wa Udongo. Kule Nairobi amesimama kuhutubia mpaka viatu vyake vimeota mizizi, akieleza kwamba ardhi ya Bonde la Ufa inamalizwa na mbuzi wa skwota. Ametetea sheria ya matuta, sheria ya mbuzi, sheria ya kuni. Ya msumeno sijaisikia.

Jumamosi asubuhi nilipanda baiskeli. Njia ya Bahati ni mlima mtupu, na vumbi lilikuwa jingi hata nikadhani nusu ya mkoa imehamia kwenye meno yangu. Mahali fulani nilikuta lori limesimama kutiwa maji, limejaa magogo ya mitarakwa, mekundu, yananukia kama penseli mpya.

"Yanatoka wapi haya, ndugu yangu?" nilimwuliza tanboi, msaidizi wa dereva.

"Kwa Mlinzi wa Udongo," akasema, akacheka mpaka akamwaga maji. "Analinda sana huyo! Wiki nzima hatujapumzika."

Adhuhuri nilifika shambani. Upande unaotazama barabara, lo! Matuta yamesukwa kama nywele za bibi arusi, nyasi kingoni, hakuna kokoto iliyokaa vibaya. Kisha Nyapara Barnaba, msimamizi wa vibarua, akanizungusha nyuma ya kilima kwenye nyumba ya shangazi. Huko hapakuwa na mti hata mmoja. Visiki tu, na mifereji ya jembe la trekta imeshuka moja kwa moja na mteremko. Korongo moja lingemeza garimoshi la Kisumu pamoja na moshi wake.

"Na matuta ya huku?"

"Huku wageni hawafiki," alisema Barnaba.

Shangazi alitupatia uji, akanieleza mambo ya kesho. Kila mwaka Mheshimiwa huleta wageni, hupanda mtarakwa mchanga juu ya kilima, huhutubia. Mwaka unaofuata mti haupo, naye husema umeliwa na mbuzi.

"Umeliwa kweli?"

"Uliwe na nani! Mti ni mmoja miaka yote. Ni wa memsabu, mke wa Bwana, unakaa kwenye debe pale veranda kwao. Huzikwa na debe lake, na jioni Barnaba huufukua."

"Ni kazi, mama," alisema Barnaba, akitazama uji wake.

Jumapili, baada ya kanisa, magari ya wageni yalifika kupitia upande wenye matuta. Mheshimiwa akapanda mti wake, akapiga udongo kwa kiatu. Nilisogea na hotuba yangu, lakini alinipungia mkono kama anafukuza nzi.

"Hii mti napanda kwa watoto ya kesho!" alinguruma. "Rebeka, leta mbuzi! Wageni taona adui ya udongo."

Shangazi akamleta yule mkubwa, mwenye maziwa. Mgeni mmoja akataka kumpiga picha, na Barnaba akaamriwa amfunge atulie. Barnaba akatazama kulia, akatazama kushoto. Amfunge wapi? Kilima kizima kilikuwa na mti mmoja tu. Akamfunga hapo.

Kamera ikalia cha! Mbuzi akaruka, mti ukang'oka, debe likatoka ardhini likilia kama bendi ya polisi. Mbuzi akashika njia ya nyumbani akikokota mti na debe, na njia ya nyumbani ni nyuma ya kilima. Wageni wakamfuata wakicheka, hadi kileleni. Pale kicheko kikawaishia.

Memsabu mmoja mzee alitazama visiki, akatazama korongo. "Nani namaliza miti hii?"

"Mbuzi," alisema Mheshimiwa.

Shangazi akaweka mikono kiunoni. "Mbuzi wangu, memsabu, hana msumeno."

Yule memsabu akamgeukia Mheshimiwa. "Basi mbuzi ya huyu mama nakaa. Au sivyo, rafiki yangu?" Wageni wote wakamkodolea macho. Mheshimiwa alikuwa mwekundu kuliko gogo lake.

"Nakaa," akasema.

Alasiri nilirudi Nakuru, mteremko mtupu, sikukanyaga pedali hata mara moja. Hotuba yangu niliirudisha nzima mfukoni. Siku chache baadaye gazeti lilitoa picha ya Mheshimiwa na mti wake: Mlinzi wa Udongo apanda tena. Debe halionekani.

Nilichojifunza ni hiki: ukitaka kujua mjumbe ameitendea ardhi nini, usisimame barabarani. Zunguka nyuma ya kilima. Mjukuu wa shangazi anakunywa maziwa. Mti umerudi veranda, nao umeliwa kweli sasa na mbuzi, majani ya upande mmoja. Mwaka ujao, anasema Barnaba, wataupanda umegeukia wageni kwa upande ule mzuri.