Quarterback wetu alivyoonekana mzigo mwanzoni mwa season: yaliyonikuta Wheaton, Maryland

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine wote habari za mihangaiko.

Mimi humu ni msomaji tu, kuandika huwa naacha kwa wenye vipaji. Ila wiki hii nimepita kwenye nyuzi za mpira nikaona watu wanavyowachambua wachezaji wakati ligi haijachanganya hata kidogo. Huyu mzigo, yule garasa, auzwe. Nikaona nami niweke langu.

Sio chai. Yamenitokea mimi mwenyewe, na mwenye swali aulize, nitajibu ninachokijua.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Baba yangu, mtu wa Tanga, alitangulia Marekani, halafu akanivuta mimi. Mama alibaki Tanga akisubiri visa. Tulikaa Wheaton, nje kidogo ya Washington, kwenye apartment unayoweza kutoka kwa miguu ukafika kituo cha Metro. Baba alikuwa anafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja downtown.

Shuleni nilikuwa sina rafiki. Kiingereza changu kilikuwa cha kukariri, nikiongea watoto wanacheka. Kitu kimoja tu nilikuwa nacho: mbio.

Kocha wa football aliniona siku moja nikilikimbiza basi la shule. Nikalipata. Kesho yake akaniita.

Sasa nisemapo football nasema ile yao, ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Kwa msioijua, elewa mambo mawili tu uzi huu utakaa sawa. Quarterback ndiye anayeshika mpira katikati na kuurusha. Receiver ndiye anayechomoka mbio kwenda mbele na kuudaka. Mimi nikawa receiver wa upande wa kulia. Ukikimbilia upande huo, quarterback anabaki nyuma yako kushoto, kwa hiyo mpira unakujia juu ya bega la kushoto.

Shikeni hapo kwenye kushoto.

Quarterback wetu aliitwa Nelson. Wazazi wake walitoka El Salvador. Kijana mkimya, mabega mapana, anaongea kama anaomba ruhusa. Ndiye mtu wa kwanza pale shuleni kukaa na mimi meza moja wakati wa chakula.

Season ikaanza. Mechi ya kwanza tukapigwa. Ya pili tukapigwa tena.

Lawama zote zikamwangukia Nelson. Na kusema kweli, ukimwangalia ulikuwa huna cha kumtetea. Anapewa mpira, anaushika. Mimi nimeshawaacha mabeki, niko peke yangu. Yeye bado kaushika. Anangoja. Wale wa timu pinzani wanamfikia, wanambwaga chini kama gunia. Akiinuka jezi yote udongo. Wakati mwingine anaachia dakika ya mwisho, mpira unafika nami nimeshageuka mwili mzima, nadaka, lakini beki naye keshafika.

Baba alikuwa anakuja Jumamosi mchana akiwa hana shift, pamoja na rafiki yake Papa Kasongo, Mkongo aliyekuwa anaishi Langley Park na kuja kwa basi. Baba aliwahi kuwa golikipa mtaani kwetu Ngamiani, kwa hiyo kila mchezo wenye mpira aliuona ni wa kwake.

"Ule mutoto anangoja nini?" Papa Kasongo anauliza jukwaa zima lisikie. "Anangoja bus? Mon frère, mukono yake ni muzito!"

"Hana jicho huyo," baba anajibu. "Mwanangu yuko wazi pale, yeye haoni."

Wazazi wa Kizungu waliokaa mbele nao walisema yaleyale kwa lugha yao. Receivers wazuri, quarterback hatufai. Baba mmoja akamzomea Nelson waziwazi, na mama yake Nelson kakaa palepale, amevaa uniform ya kazini. Hakugeuka. Alitazama uwanjani tu, mkoba kaupakata.

Kocha akamweka Nelson benchi. Akaingia kijana mwingine, Brian, mwenye mkono wa haraka. Watu wakapiga makofi kabla hata hajarusha.

Brian alipoanza kurusha, mambo yakawa mengine.

Mpira wa kwanza kuja kwangu ulinigonga kofia kwa nyuma. Wa pili ulipita pembeni ya bega sikunyoosha hata mkono. Jukwaa likaguna. Mimi nashangaa, mbona huyu harushi? Mpaka nikiona mpira unadunda mbele yangu ndiyo najua kumbe ulirushwa.

Halafu beki mmoja akanijia kutoka kushoto kwa kasi yote. Sikumwona. Nakumbuka majani, na harufu ya majani, na sauti ya kocha ikiwa mbali. Nilitolewa nimeshikwa huku na huku.

Tulipofika nyumbani baba akaniuliza kitu kimoja: "Unaogopa mpira?"

Nikamwambia siogopi. Akatikisa kichwa, akaenda kuswali.

Kesho yake, Jumapili mchana, mlango ukagongwa. Nelson. Kavua kofia, kaishika mbele ya kifua. Baba akamkaribisha kwa Kiingereza chake cha jikoni, akamwekea chai. Hakuigusa. Haya ninayoyaandika walisema kwa Kiingereza, mimi naweka kwa lugha yetu.

"Mzee," Nelson alisema, "Sefu haoni upande wa kushoto."

Baba akanitazama. Mimi nikacheka. "Naona vizuri! Hata sasa nakuona."

"Unaniona kwa sababu umenigeukia," akanijibu. Kisha akamgeukia baba. "Tangu mazoezi ya kiangazi nimeligundua. Nikirusha hajageuka, mpira unampita. Akishageuka kichwa chote, anadaka kila kitu. Kwa hiyo nikawa namngoja ageuke."

Baba akaweka kikombe chini. "Ulikuwa unamngoja?"

"Ndiyo."

"Unaangushwa vile, unamngoja yeye?"

Nelson akainamisha kichwa. Alisema alimwomba kocha anihamishie upande mwingine wa uwanja, kocha akaona ni visingizio vya mtu asiyeweza kurusha. Na hakutaka kusema zaidi, maana alijua ningetolewa kwenye timu, na nje ya timu nilikuwa sina mtu.

"Lakini jana nilikuwa benchi, nikaona vizuri. Yule beki alipomjia, Sefu hakujikinga hata kidogo. Mtu anayeona hujikinga, mzee. Hata kama kachelewa, atapandisha mkono."

Nataka mnielewe wakuu, mimi sikuwa naficha. Nilikuwa sijui. Nilikuwa najigonga bega kwenye milango, namwaga vikombe mezani, nikajiona mzembe tu. Kichwa kilikuwa kinauma asubuhi, nikadhani ni kofia ya football inabana.

Baba akatoka bila viatu. Akarudi na Auntie Wanjiru wa ghorofa ya chini yetu, Mkenya, nesi, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka kanisani, bado na kitambaa chake kichwani.

Akanikalisha kiti mbele yake, magoti yetu yakigusana. Akanifunika jicho moja kwa kiganja.

"Niangalie hapa kwa pua. Macho yasitoke hapo, umeskia? Nikianza kuchezesha kidole, uniambie."

Akanyoosha mkono upande wa kulia. "Hicho hapo," nikasema. Nacho nilichelewa kidogo kukiona.

Akanyoosha mkono upande wa kushoto. Nikasubiri.

"Auntie, hujaanza?"

"Nilianza kitambo, mwanangu."

Alisema polepole sana. Nikageuza macho, mkono wake ulikuwa pale, karibu na sikio langu, vidole vyote vinacheza.

Baba alikuwa amesimama nyuma yake. Nikaona anavyoshika ukuta.

"Baba Sefu," Auntie Wanjiru akasema bila kugeuka, "kesho huyu haendi shule. Kesho ni hospitali, na mimi nawapeleka."

Picha zikaonyesha uvimbe chini ya ubongo, pale mishipa ya macho inapopita. Daktari alisema haukuwa saratani, ila ulikuwa unakua na kuikandamiza mishipa. Alisema mtu wa namna hii hupoteza kuona kuanzia pembeni, kidogokidogo, na ubongo unamzibia pale penye pengo asijue. Ningeendelea vile, ningekuja kuwa kipofu. Na kugongwa kichwa kama nilivyogongwa nikabaki mzima, alisema, ni Mungu tu.

Asubuhi ya kulazwa baba alipiga simu Tanga, dukani kwa jirani, wakamwita mama.

"Mama Sefu, kaa kwanza."

Sikusikia upande wa pili. Baba akaeleza, akakwama katikati, akanipa simu.

"Mwanangu, unaogopa?"

"Siogopi, mama."

"Ogopa tu. Mimi huku naogopa. Tuogope wote, halafu tumwachie Mwenyezi Mungu."

Nililia hapo kwa mara ya kwanza.

Operesheni ilipita salama. Upande wa kulia ukarudi wote. Wa kushoto ulirudi nusu, na hiyo nusu ndiyo niliyonayo mpaka leo ninapoandika. Football ikaishia hapo. Siendeshi gari.

Nikiwa bado kitandani nyumbani, baba alikwenda kuonana na kocha. Hakuniambia walichoongea. Ila Jumamosi iliyofuata Nelson alirudi uwanjani, na baba akaenda kuangalia, mimi nikiwa nimebaki na Auntie Wanjiru. Kilichotokea huko alinihadithia Papa Kasongo.

Anasema Nelson alikuwa akipata mpira tu, anaachia. Haraka, sawasawa, mikononi mwa mtu. Timu ikashinda. Wale wazazi wa mbele wakawa wanapeana mikono, na yule aliyemzomea akasema, "Afadhali, kijana hatimaye amejifunza kuachia mpira."

Baba akasimama. Papa Kasongo anasema alimvuta koti akae, hakukaa.

"Hakujifunza," baba alimwambia yule mtu. "Alikuwa anajua tangu mwanzo. Alikuwa anamngoja mwanangu."

Halafu akashuka ngazi mpaka alipokaa mama yake Nelson. Hawakuwa na lugha moja ya kutosha. Baba akaweka mkono kifuani, akainama. Yule mama akasogeza mkoba wake, akampa nafasi, wakaangalia mechi iliyobaki wamekaa pamoja.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza Nelson swali lililokuwa linanisumbua. Kulikuwa na receivers wengine, wenye macho mazima. Kwa nini usirushe kwao ukajiokoa?

"Wewe ndiye uliyekuwa unafika mbele kuliko wote," akasema. "Ningeacha kukutazama vipi?"

Baba keshatangulia mbele ya haki. Mama alikuja, yupo, namshukuru Mungu.

Nilichojifunza wakuu ni hiki. Mwanzoni mwa season unaona makosa, sababu huzioni. Mtu anayechelewa, kabla hujasema mzigo, jiulize anamngoja nani. Huenda yuko anayemwona, wewe humwoni. Na wenye mtoto anayejigonga milangoni na kulalamika kichwa, msimwite mzembe. Mpelekeni akapimwe macho, pembeni pia, siyo kusoma herufi za mbele tu.

Niishie hapo, macho yameshachoka. Kama nawe kuna mtu ulikuja kumjua thamani yake watu walipokuwa wameshamzomea, mtaje hapa chini tumsome.